Kodi, Faini au Mchango? Mamlaka ya Kutoza na Mageuzi ya Huduma za Afya Nchini Marekani, 1798–2021

Utangulizi

Katika mahojiano yaliyorushwa na televisheni ya ABC tarehe 20 Septemba 2009, mtangazaji George Stephanopoulos alimbana Rais Barack Obama kwa swali moja. Muswada wa mageuzi ya afya uliokuwa mbele ya Bunge la Marekani ulimtaka kila mkazi awe na bima, na asiyekuwa nayo alipe fedha kwa serikali. Je, malipo hayo si kodi? Rais alikataa katakata. Haikutimia miaka mitatu, na tarehe 28 Juni 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliinusuru sheria iliyotokana na muswada huo kwa hoja moja tu iliyopata kura za kutosha: kwamba malipo yale yanaweza kuhesabiwa kuwa kodi.

Waandishi wengi wamelisimulia tukio hili kama kisa cha mtu mmoja, yaani Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na rais wa chama cha Republican na ambaye kura yake iliokoa sheria ya chama cha Democratic. Usimulizi wa namna hiyo una mvuto wake, lakini unaificha historia. Insha hii inadai kwamba pengo kati ya lugha ya jukwaani na lugha ya mahakamani halikuanza mwaka 2009. Tangu miaka ya 1930, hifadhi ya jamii nchini Marekani imejengwa kwa mamlaka ya kutoza kodi huku waasisi wake wakiwaambia wananchi kwamba wanachojenga ni bima. Mbinu hiyo imezilinda sheria mahakamani. Hata hivyo, imezinyima utetezi wa wazi mbele ya wapigakura, na gharama ya upungufu huo imewaangukia watu ambao hawakuwa wahusika wa mabishano hayo.

Msamiati unahitaji kuwekwa wazi mapema. Kiswahili kinatofautisha vizuri mambo ambayo mabishano ya Marekani yaliyachanganya. Kodi hulipwa kwa dola bila mlipaji kuahidiwa kitu mahususi. Ushuru huambatana na bidhaa na mpaka. Faini hufuata kosa. Mchango hubeba dhana ya hiari na ushirika, kama ule wa harusi au msiba, ingawa kila mtu anajua kwamba asiyetoa atasemwa. Tozo limesimama katikati, na nchini Tanzania neno hilo lilizoeleka zaidi katika mijadala ya umma tangu kuwekwa kwa tozo ya miamala ya simu mwaka 2021. Ili kutoamua kesi kabla ya kuisikiliza, insha hii inaiita fedha iliyobishaniwa kwa jina lisiloegemea upande wowote, yaani “malipo”.

Senti ishirini za baharia

Watetezi wa sheria ya Obama walipotafuta kielelezo cha kale walikipata bandarini. Mwezi Julai 1798 Rais John Adams alitia saini sheria ya kuwatunza mabaharia wagonjwa na walemavu. Nahodha wa meli ya biashara alikata senti 20 kwa mwezi katika ujira wa kila baharia na kumkabidhi mkusanyaji wa ushuru wa forodha. Fedha hizo ziligharimia matibabu ya mabaharia katika bandari mbalimbali, na baadaye zikajenga hospitali. Makato hayo yaliendelea hadi mwaka 1884, yalipofutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi iliyotozwa kwa uzito wa meli.

Kielelezo hiki hakipaswi kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Baharia wa 1798 hakulazimishwa kununua bima kwa kampuni binafsi. Serikali ndiyo iliyomkata na serikali ndiyo iliyomtibu. Isitoshe, alifanya kazi katika biashara ya baharini, eneo ambalo mamlaka ya serikali ya shirikisho hayakuwa na shaka. Faida ya mfano huu kwa mwanahistoria ni nyingine. Makato yale yalikuwa na sura ya kodi kwa kuwa yalikuwa ya lazima na yalipita mikononi mwa afisa wa forodha, na papo hapo yalikuwa na sura ya mchango kwa kuwa yaliwarudia mabaharia wenyewe. Yaliishi na sura hizo mbili kwa zaidi ya miaka 80.

Kiwanda cha samani na mipaka ya kodi

Suala la jina lilipata uzito wa kikatiba kupitia ajira ya watoto. Mwaka 1916 Bunge lilipiga marufuku usafirishaji baina ya majimbo wa bidhaa zilizotengenezwa katika viwanda vilivyoajiri watoto wadogo. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo kwa maelezo kwamba mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo hayafiki ndani ya kiwanda. Bunge likageukia mlango mwingine. Mwaka 1919 liliweka kodi ya asilimia 10 ya faida yote ya mwaka kwa mwajiri yeyote aliyejua kwamba anaajiri watoto chini ya umri uliowekwa. Kampuni ya samani ya Drexel ya North Carolina ilidaiwa zaidi ya dola 6,300 kwa kumwajiri mvulana mmoja aliyekuwa hajatimiza miaka 14. Ililipa, kisha ikaenda mahakamani kudai irejeshewe.

Mwaka 1922 Jaji Mkuu William Howard Taft, ambaye kabla ya hapo alikuwa rais wa nchi, aliandika kwamba hii haikuwa kodi bali adhabu iliyovishwa nguo za kodi. Sababu zake zinastahili kukumbukwa, kwa kuwa zitarejea miaka 90 baadaye. Kwanza, kiasi chenyewe kilikuwa kizito mno: mtoto mmoja kwa siku moja aliweza kuigharimu kampuni sehemu ya kumi ya faida yake yote. Pili, kilimwangukia yule tu aliyejua anachofanya, na kujua ni kipimo cha kosa, si cha kodi. Tatu, ukaguzi ulikabidhiwa pia kwa idara ya kazi, ambayo kazi yake si kukusanya mapato. Matokeo kwa watoto wa viwandani yalikuwa mabaya, na hukumu hiyo haisomwi leo kwa fahari. Hata hivyo ilitoa kanuni iliyodumu, kwamba jina ambalo Bunge limeipa fedha halitoshi kuipa fedha hiyo asili yake.

Kikombe cha chai na hifadhi ya jamii

Mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt aliunda kamati ya kuandaa mpango wa hifadhi ya jamii na kumweka Frances Perkins, waziri wa kazi na mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani, kuwa mwenyekiti wake. Hofu kuu ya kamati ilikuwa Mahakama ya Juu. Kwa masimulizi ya Perkins mwenyewe, alikwenda kunywa chai nyumbani kwa Jaji Harlan Stone, akamweleza wasiwasi wake, na jaji akamnong’oneza kwamba mamlaka ya kutoza kodi yangemtosha kwa yote aliyoyataka. Ushahidi huu lazima upokewe kwa tahadhari. Masimulizi ya Perkins yanayonukuliwa mara nyingi aliyatoa miaka mingi baada ya tukio, Stone akiwa amekwisha kufariki, na jaji anayemshauri waziri kuhusu sheria itakayofika mbele yake ana sababu zote za kutoacha maandishi. Lakini muundo wa sheria iliyotiwa saini tarehe 14 Agosti 1935 unaafikiana na simulizi hilo. Mafao ya uzeeni yaliwekwa katika sura ya pili. Kodi ya mishahara iliwekwa mbali nayo, katika sura ya nane, na fedha zake zikaelekezwa Hazina kama mapato mengine yoyote. Mtu akiisoma sheria ile bila kuambiwa, hawezi kuona kwamba sura moja inailipia nyingine.

Nje ya mahakama hadithi ilikuwa tofauti. Wafanyakazi waliambiwa kwamba wanachangia, kwamba kila mmoja ana akaunti, na kwamba mafao yatakuwa haki yao kwa sababu wameyalipia. Mbele ya majaji mwezi Mei 1937, mawakili wa serikali walikana kabisa kwamba mpango huo ni bima ya lazima. Walieleza kwamba kulikuwa na kodi upande huu na matumizi upande ule, na kwamba Katiba inaruhusu yote mawili kwa ajili ya ustawi wa jumla. Walishinda. Katika shauri la George Davis, mwanahisa wa kampuni ya umeme ya Boston, mahakama iliidhinisha mafao ya uzeeni. Katika shauri la kampuni ya mashine ya Steward ya Alabama, iliyokuwa ikidai kurejeshewa dola 46.14, iliidhinisha kodi ya bima ya ukosefu wa ajira kwa kura tano dhidi ya nne.

Jaji Benjamin Cardozo aliandika hukumu zote mbili. Katika ile ya pili alitoa tahadhari ambayo haikupewa uzito wakati huo. Serikali kuu inaweza kulishawishi jimbo kwa fedha, alieleza, lakini huenda kuna mahali ambapo ushawishi hugeuka kuwa shuruti. Hakulazimika kusema ni wapi, kwa sababu shauri lililokuwa mbele yake halikufika huko. Mahali hapo paliachwa bila alama kwa miaka 75.

Bima ya afya haikuwemo katika sheria ya 1935. Chama cha Madaktari wa Marekani kiliipinga, na Roosevelt aliogopa kwamba ingeuzamisha muswada wote. Harry Truman aliileta upya Novemba 1945 na akashindwa. Mafanikio yalikuja kwa sehemu tu tarehe 30 Julai 1965, Lyndon Johnson alipotia saini mipango ya Medicare na Medicaid mjini Independence, Missouri, Truman akiwa ameketi kando yake. Medicare, kwa ajili ya wazee, ilirithi mfumo wa 1935: matibabu ya hospitali yaligharimiwa kwa kodi ya mishahara ambayo walipaji waliihesabu kuwa mchango wao. Medicaid, kwa ajili ya makundi fulani ya maskini, haikupata urithi huo. Ilitegemea mapato ya jumla ya serikali kuu na ushirikiano wa kila jimbo. Tofauti hii ndogo ya kihasibu ndiyo iliyoamua, kwa kiasi kikubwa, ni mpango upi ungekuja kuwa rahisi kushambuliwa.

Sharti lililobadili chama

Wazo la kumlazimisha kila mtu kuwa na bima halikuzaliwa upande wa kushoto. Mwaka 1989 taasisi ya kihafidhina ya Heritage ililipendekeza kama njia ya kukwepa mfumo wa serikali. Lilitekelezwa kwanza Massachusetts mwaka 2006 chini ya gavana Mitt Romney wa chama cha Republican. Katika kampeni za 2008 Obama alilipinga, na mpinzani wake ndani ya chama, Hillary Clinton, ndiye aliyelitetea. Kufikia 2010 kila upande ulikuwa umehamia mahali pa mwenzake. Mageuzo haya yamechekwa sana, na yanastahili, lakini sharti hilo lilikuwa na mantiki ambayo haikutegemea chama. Kampuni ya bima ikikatazwa kumkataa mgonjwa, na watu wenye afya wakiruhusiwa kusubiri hadi waugue ndipo wajiunge, bei hupanda hadi soko likavunjika.

Sheria ya Matibabu Nafuu ilipita katika Seneti alfajiri ya tarehe 24 Desemba 2009 kwa kura 60 dhidi ya 39, na katika Baraza la Wawakilishi tarehe 21 Machi 2010 kwa kura 219 dhidi ya 212. Obama aliitia saini siku mbili baadaye. Malipo kwa wasio na bima yaliwekwa katika kifungu cha 5000A cha sheria ya mapato ya ndani. Yangeanza mwaka 2014 kwa dola 95 au asilimia 1 ya kipato, na kufikia dola 695 au asilimia 2.5 mwaka 2016, kwa kuchukua kiasi kilicho kikubwa zaidi. Yangelipwa pamoja na marejesho ya kodi ya mwaka. Idara ya mapato ilikatazwa kumshtaki kwa jinai asiyelipa au kukamata mali yake.

Historia ya neno lenyewe ndani ya Bunge inaeleza mengi. Muswada wa Baraza la Wawakilishi wa mwaka 2009 uliyaita malipo hayo kodi bila kificho. Maandishi ya Seneti, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa sheria, yaliyaita adhabu. Obama alikuwa ameahidi kutoongeza kodi kwa familia za kipato cha kati, na neno “adhabu” liliilinda ahadi hiyo. Lakini Katiba inaagiza kwamba miswada ya mapato ianzie katika Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo Seneti ilichukua muswada uliokwisha kupitishwa huko, unaohusu nafuu ya kodi kwa wanajeshi wanaonunua nyumba, ikafuta maneno yake yote na kupachika humo mageuzi ya afya. Ni kweli kwamba sheria hiyo ilikuwa na kodi nyingine zisizobishaniwa, ikiwemo ya vifaa vya tiba, na hizo pekee zingetosha kuhitaji ganda hilo. Hata hivyo taswira inabaki: utaratibu wa kodi ulifuatwa kwa uangalifu katika chumba kilekile ambamo neno kodi lilikuwa likifutwa.

Siku tatu za Machi, siku moja ya Juni

Florida na majimbo mengine yalifungua shauri siku ileile sheria ilipotiwa saini; hatimaye yakafikia 26. Virginia ilifungua lake peke yake. Mahakama za chini ziligawanyika kiasi cha kuwachanganya hata wanasheria. Jaji mmoja wa Virginia alilibatilisha sharti peke yake, na jaji wa Florida akaibatilisha sheria nzima. Mahakama moja ya rufani iliikubali sheria na nyingine ikalikataa sharti. Ya tatu ilisema kwamba haiwezi kusikiliza shauri lenyewe, kwa kuwa sheria ya mwaka 1867 inamkataza mtu kwenda mahakamani kuzuia kodi kabla ya kuilipa.

Hoja hiyo ya mwisho iliiweka serikali pabaya. Kama malipo ni kodi, shauri halina budi kusubiri hadi 2015, mtu wa kwanza atakapolipa na kudai arejeshewe. Serikali haikutaka kusubiri, wala walalamikaji. Mahakama ya Juu ilibidi imteue wakili wa nje kuitetea hoja ambayo hakuna upande ulioitaka. Kwa hiyo tarehe 26 Machi 2012 Wakili Mkuu wa Serikali, Donald Verrilli, alisimama kueleza kwamba malipo si kodi kwa mujibu wa sheria ya 1867. Jaji Samuel Alito alimkumbusha kwamba kesho yake angerudi kueleza kwamba ni kodi. Ukumbi ulicheka. Lakini huu ulikuwa ni mkao uleule wa 1937, safari hii ukiwa umebanwa ndani ya saa 24 badala ya kutawanywa kati ya hotuba za kampeni na majadala ya mahakama.

Roberts aliukubali mkao huo, na sababu aliyotoa ni madhubuti kuliko wakosoaji wake walivyokubali. Bunge ndilo lililoandika sheria ya 1867 na ndilo lililoandika kifungu cha 5000A. Likiamua kutumia neno moja hapa na jingine pale, lina uhuru wa kuamua sheria zake mbili zihusianeje. Katiba, kwa upande mwingine, si mali ya Bunge. Mbele ya Katiba kinachopimwa ni kazi inayofanywa na malipo, si jina lake. Kisha akachukua vipimo vya Taft vya 1922 na kuvipitisha kimoja kimoja. Kiasi ni kidogo, kwa kawaida pungufu ya bei ya bima. Hakuna anayeulizwa kama alijua. Mkusanyaji ni idara ya mapato, tena bila nguvu ya jinai. Na watu takribani milioni nne kwa mwaka walitarajiwa kuchagua kulipa, wakiingiza dola bilioni 4 hivi kwa mwaka kufikia 2017. Ingekuwa ajabu, alieleza, Bunge kudhani kwamba limewaumba wavunja sheria milioni nne. Hukumu iliyowaangusha watoto wa viwandani ndiyo iliyotumika kuwasimamisha wagonjwa.

Majaji wanne wa mrengo wa kiliberali waliungana naye katika hoja ya kodi. Wanne wa mrengo wa kihafidhina walitaka sheria yote ianguke. Waliandika kwamba kusoma neno adhabu kama kodi ni kuandika sheria upya. Kuhusu mamlaka ya kusimamia biashara, Roberts alikuwa pamoja na hao wa pili: serikali inaweza kusimamia biashara iliyopo, haiwezi kumlazimisha mtu aingie katika biashara. Vituo vya televisheni vya CNN na Fox vilisoma sehemu hiyo tu kwa haraka na kutangaza kwamba sharti limebatilishwa. Kosa hilo la dakika chache limekuwa kichekesho cha kudumu. Kosa zito zaidi la vyombo vya habari, kwa mtazamo wa insha hii, lilikuwa kutoipa nafasi ya kutosha sehemu ya tatu ya hukumu.

Walioachwa katikati

Sheria iliyataka majimbo yaipanue Medicaid ili imfikie kila mtu mzima mwenye kipato kisichozidi asilimia 133 ya mstari wa umaskini. Serikali kuu ingelipa gharama yote ya upanuzi kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha mchango wake ungeshuka taratibu hadi asilimia 90. Jimbo likikataa, lingeweza kupoteza fedha zote za Medicaid, zikiwemo za mpango wa zamani. Majaji saba kati ya tisa, wakiwemo Stephen Breyer na Elena Kagan, waliona kwamba hapa ndipo mahali ambapo Cardozo hakupaweka alama. Fedha zilizotishiwa zilizidi asilimia 10 ya bajeti nzima ya jimbo la kawaida. Roberts alilifananisha tishio hilo na bastola iliyoelekezwa kichwani. Upanuzi ukawa hiari.

Athari yake ilitokana na jinsi sheria ilivyoshonwa. Ruzuku za kununua bima binafsi zilitolewa kwa wenye kipato cha kuanzia asilimia 100 hadi 400 ya mstari wa umaskini. Chini ya hapo sheria haikuweka ruzuku, kwa dhana kwamba Medicaid ingekuwepo kila mahali. Katika majimbo yaliyokataa kupanua, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu aliyekuwa na kipato cha chini ya mstari huo alikosa Medicaid kwa sababu jimbo halikuipanua, na alikosa ruzuku kwa sababu alikuwa maskini kupita kiasi. Jirani yake mwenye kipato kikubwa zaidi alisaidiwa. Hakuna mbunge aliyelipigia kura pengo hilo, na hakuna jaji aliyeliagiza. Lilitokea pale muswada ulioandikwa kwa dhana moja ulipokutana na hukumu iliyoiondoa dhana hiyo.

Idadi ya wasio na bima nchini kote ilishuka kutoka takribani milioni 48.6 mwaka 2010 hadi milioni 28.6 mwaka 2016, na hilo si jambo dogo. Lakini mgawanyo wake ulifuata mipaka ya majimbo. North Carolina, jimbo lilelile la kiwanda cha Drexel, lilipanua Medicaid Desemba 2023 na kuwa la 40. Texas na Florida zilikuwa bado hazijafanya hivyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Medicaid ilianguka kwa kura saba wakati Medicare haijawahi kukabiliwa na tishio la namna hiyo. Jibu la kisheria ni kwamba Medicare haipiti kwa majimbo. Jibu la kihistoria linaanzia 1965. Mzee wa Medicare anaweza kuonyesha makato katika hati yake ya mshahara na kusema amelipia. Maskini wa Medicaid hana hati hiyo, na utetezi wake unategemea watu wengine wakubali hadharani kwamba kodi zao zinafaa kumtibu. Hilo ndilo neno ambalo watetezi wa mageuzi waliliepuka kwa miongo mingi.

Dola sifuri

Mashambulizi yaliendelea. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya Washington ilisikiliza dai kwamba sheria ni batili kwa kuwa kodi yake haikuanzia katika Baraza la Wawakilishi. Ilijibu kwamba kusudi kuu la malipo halikuwa kuingiza mapato bali kuwahimiza watu wawe na bima, hivyo kanuni hiyo haikuhusika. Fedha moja ikawa imepata hukumu tatu: si kodi mbele ya sheria ya 1867, ni kodi mbele ya mamlaka ya kutoza, na si ya mapato mbele ya kanuni ya chimbuko la miswada. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, ililinda pia ruzuku katika majimbo yaliyoachia serikali kuu kuendesha soko la bima.

Kilichoshindikana mahakamani kilijaribiwa bungeni. Julai 2017 jaribio la kuifuta sheria lilianguka katika Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51, seneta John McCain akiwa miongoni mwa waliokataa. Desemba mwaka huohuo, ndani ya sheria ya kupunguza kodi, Bunge lilishusha malipo ya kifungu cha 5000A hadi dola sifuri kuanzia 2019. Hapo udhaifu wa msingi wa 2012 ulionekana. Kama sharti linasimama kwa sababu ni kodi, na sasa haliingizi hata senti, linasimama juu ya nini? Texas na majimbo mengine yaliuliza swali hilo, na Desemba 2018 Jaji Reed O’Connor aliitangaza sheria nzima kuwa batili. Tarehe 17 Juni 2021 Mahakama ya Juu ililiondoa shauri kwa kura saba dhidi ya mbili. Breyer aliandika kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki, kwa sababu sharti lisilo na malipo halimdhuru mtu. Swali la msingi halikujibiwa.

Kifungu hicho hakijafutwa. Kinaendelea kumwagiza mkazi awe na bima, na kiasi anachodaiwa asiyekuwa nayo ni sifuri. Wakati huohuo Massachusetts imeendelea na sharti lake la 2006, na New Jersey, California, Rhode Island na jiji la Washington zimeweka ya kwao, zikikusanya malipo kupitia marejesho ya kodi ya jimbo. Hizo hazihitaji kuthibitisha kwamba malipo hayo ni kodi, kwa kuwa majimbo, kama Roberts alivyokumbusha mwanzoni mwa hukumu yake, yana mamlaka ya jumla juu ya afya ya wakazi wao ambayo serikali ya shirikisho haikupewa.